Sifa Njema za Utabiri wa Wiki

Sisi wa Pangani hatuna la kuulaumu utabiri wa hali ya hewa. Wiki ikianza tunaambiwa kuwa Tanga, Pwani pamoja na Mafia, Dar es Salaam, Morogoro na visiwa vya Unguja na Pemba kutakuwa na mawingu kiasi, mvua nyepesi katika maeneo machache na vipindi vya jua. Nani mwingine hutugawia sote sawasawa namna hii? Mji wetu mdogo wa mdomoni mwa mto unakalishwa jamvi moja na Dar es Salaam na Milima ya Uluguru. Huo ni ukarimu.

Tena tazama ulivyokamilika. Mawingu yamo, mvua imo, jua limo; litokee lolote, limeshatajwa. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, wakajifunga wenyewe. Wataalamu wakaongeza “kiasi”, wakawa huru. Mvua ikimwagika Bweni, ng’ambo ya mto, huku mjini vumbi linatimka, hakuna aliyedanganya: Bweni ndiyo hayo maeneo machache. Kesho ikinyesha mjini, basi cheo kimevuka na pantoni.

Wanaonung’unika hawajakaa ufukweni alfajiri, msimu wa kusi, wakaona wingu linavyoingia kutoka baharini na mvua yake ya upana wa mitaa mitatu. Linajimwaga, linakwisha, na nyumba ya pili haikupata hata tone. Wingu la namna hiyo halikai saa nyingi tangu lizaliwe. Nani atalitaja siku saba kabla?

Faida za utabiri huu kwa jamii hazihesabiki. Fundi aliyeahidi kupiga plasta ya nje Jumanne hapokei simu hadi saa nane mchana, kisha anakujibu kwa upole: “Dada, si umesikia lakini? Maeneo machache.” Jua linawaka utosini. Humwezi, ana sayansi nyuma yake. Kina mama wa mbata nao wamenufaika. Nazi iliyopasuliwa inataka jua la siku kadhaa. Ikilowa inaota ukungu na bei inaanguka. Basi kila wingu likijitokeza turubai linavutwa, likipita linafunuliwa, kutwa nzima, mgongo umeinama. Dar es Salaam watu wanalipia mazoezi kama hayo.

Ila raha yenyewe iko kwa wavuvi, ambao hupewa mawimbi madogo hadi makubwa kiasi.

“Nahodha, bahari imesemwaje?”

“Ndogo hadi kubwa.”

“Sasa tunatoka?”

Nahodha hajibu. Anatazama maji yanavyojikunja pale mto unapokutana na bahari, anatazama makuti ya minazi yanaelekea wapi, anatema mate. “Shusheni ngalawa.” Wakirudi salama, utabiri ulisema madogo. Wakirudi wamelowa chapachapa, ulisema makubwa. Na nahodha hadai sifa hata moja.

Mara moja tu utabiri ulitutupa. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaijia Mafia, lugha ilibadilika ghafla. Tukaambiwa kiko wapi, kimebakiza kilomita ngapi kufika pwani, upepo wake una kasi gani. Hakuna kiasi, hakuna maeneo machache. Boti za kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Watu wazima, waliozoea kuchagua hali ya hewa waitakayo, wakalazimika kuamini jambo moja wote kwa pamoja, na barazani hapakuwa na la kubishania. Uwazi ule ulituchosha.

Kilipofika nchi kavu kikadhoofika, na haukupita muda tukarudishiwa utabiri wetu. Kahawa ikanoga tena: mzee mmoja anaapa kuwa leo itanyesha, mwenzake anaapa haitanyesha, na kila mmoja anamsogezea mwenziwe simu amsomee taarifa ileile.