Namna ya Kutembea Kando ya Mto Kagera Bila Kumkera Kiboko

1. Anza na salamu. Kutoka Kasulo hadi Rusumo, upande wa Tanzania, hutakuta vibao vya kumwongoza mtembezi. Vijia vya huku vimekanyagwa na wachungaji, wachota maji na watoto wa shule, basi waulize wao. Mzee akiwa amekaa nje ya nyumba yake, simama umpe "Shikamoo, babu." Atakuuliza watoka wapi, waenda wapi, na kwa nini unatembea ilhali bodaboda zipo. Mjibu ukweli: umekuja kuuona mto. Hapo utaelekezwa hadi mti wa kugeukia.

2. Beba kitambulisho, na upige hodi kwa mwenyekiti wa kijiji. Ng'ambo ya mto ni Rwanda, na Burundi haiko mbali. Hata ukiona ng'ambo ni karibu kiasi gani, uvuke kwa daraja la Rusumo tu, baada ya kupita uhamiaji.

3. Mpishe mwenye njia. Kijana anayesukuma baiskeli mlimani amebeba mikungu ya ndizi kushoto, kulia na juu ya keria, na ameshika fimbo iliyofungwa kwenye usukani. Akisimama, kuanza tena ni kazi. Ingia majanini wewe.

4. Kiboko naye ana ratiba. Usiku hutoka kula majani, alfajiri hurudi majini. Subiri jua lipande ndipo ushuke, na kamwe usisimame kati yake na maji. Penye mamba usinawe hata uso. Wenyeji wanazijua sehemu hizo. Waulize kabla hujavua viatu.

5. Ukifika Rusumo, kaa kitako. Hapa mto Ruvubu, uliotokea Burundi, umekwisha kuungana na Kagera, na maji yanaporomoka kwa kishindo. Mitambo ya megawati 80 inazalisha umeme unaogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Baada ya hapo mto unapita kwenye mafunjo kuelekea kaskazini, kisha mashariki hadi Ziwa Victoria.

Hapo pia weka utani kando. Mwaka 1994 mto huu ulibeba miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda hadi ziwani. Mwishoni mwa Aprili, kwa muda wa siku moja hivi, wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo, wakapokelewa kambi ya Benaco, Kasulo. Ukimkuta mtu mzima anayekumbuka, msikilize, usimhoji.

6. Rudi na taka zako, na ukingo uuache ulivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukingo ukilimwa hadi majini, udongo huishia mtoni, na kijia nacho hupotea. Wana Kasulo, tuziache hizo mita 60 zibaki na majani yake: anazihitaji mchota maji, mtembezi, na kiboko pia.