Mwenye Hisa Asiyealikwa

Mimi nina shirika la ndege. Nina kampuni ya umeme, nina kampuni ya maji, na nina kipande changu katika yale mabasi ya RITCO yanayopanda milima kwenda Kigali. Usinionee wivu, nawe unavyo vyote hivyo ikiwa unalipa kodi Rwanda. Kinachonikera ni kwamba pamoja na utajiri wote huu, sijawahi kuitwa kwenye mkutano wa wenye hisa hata mmoja, wala kuambiwa gawio langu liko wapi.

Habari hii niliivalia njuga kule Brasserie. Ndivyo tunavyoliita eneo lile la Nyamyumba lenye kiwanda cha bia, na ukimwambia hivyo mwenye pikipiki hakuulizi la pili. Tulikuwa tumekaa kando ya ziwa, sambaza za kukaanga mezani, brosheti ya mbuzi bado iko motoni, nami nimeshika Primus yangu kubwa. Mwalimu mmoja mstaafu akaitazama chupa ile kwa huzuni.

"Kijana," akaniambia (nina wajukuu, lakini kwake mimi ni kijana), "hii ilikuwa yetu."

Kweli ilikuwa yetu, angalau kwa sehemu. Bralirwa, kampuni yenye kiwanda hiki, ilianza hapa Gisenyi mwaka 1957, na kwa miaka mingi Serikali ilishika asilimia 30, zilizobaki zikiwa za Heineken. Ikaamuliwa tuuze. Asilimia 25 ikapelekwa soko la hisa kwa faranga 136 kwa hisa moja, asilimia 5 wakaongezewa Heineken, na Januari 2011 bia yetu ikaanza kuuzwa kwenye soko la hisa Kigali. Hisa ziligombewa, waliozitaka wakazidi zilizokuwepo. Miezi michache baadaye ikafuata sehemu ya Benki ya Kigali.

Sasa hebu fikiria. Kiwanda kilipokuwa chetu kwa asilimia 30, mlevi alikuwa mwekezaji. Akinywa moja, hazina inapata ushuru, na mwisho wa mwaka inapata gawio. Mke akimgombeza, ana la kujibu: mama, najenga nchi. Siku hizi amebaki na ushuru peke yake, na huo nao haukai. Ulikuwa asilimia 60 ya bei ya kiwandani, mwaka 2025 ukapandishwa hadi 65, na juu yake ipo VAT ya asilimia 18.

Sisemi waliouza walikosea. Soko la hisa lilihitaji kampuni ya kufungulia mlango, na mimi mwenyewe sioni kwa nini waziri ashinde akihangaika na shayiri. Biashara waachiwe wafanyabiashara, nakubali kabisa. Ila hoja hiyo nzuri ikifika uwanja wa ndege, ghafla inakosa pasipoti.

Bajeti ya 2020/21 iliitengea RwandAir faranga bilioni 145. Utasema ulikuwa mwaka wa korona, ndege zimelala. Haya, mwaka uliotangulia, bajeti iliyopangwa korona haijasikika, zilikuwa bilioni 121 na ushei. Mwalimu akatoa kalamu, akaandika nyuma ya pakiti ya sigara ya mtu mwingine: bilioni 145 ukizigawa kwa Wanyarwanda wote ni karibu faranga elfu 11 kwa kichwa, na kichanga cha jana kimo. Mituweli, ile inayokutibu wewe na familia yako, wengi wetu wakati ule tulikuwa tunalipa 3,000 kwa kichwa kwa mwaka. Yaani kila mmoja wetu aliilipia ndege bima ya miaka mitatu na zaidi, na wengi hapa mezani walikuwa hawajapanda hata ngazi zake.

Mwalimu ni mtu wa haki, akaitetea. Nchi haina bahari, mtalii wa sokwe haji kwa mtumbwi, mikutano ya kimataifa inajaza hoteli. "Faida ya ndege," akasema, "haionekani kwenye hesabu za ndege."

Mama mwenye baa alikuwa anafuta meza. "Mwalimu, hata hii baa inavuta watalii. Hasara yangu ya mwezi huu niipeleke ofisi gani?"

Hakujibiwa. Ni swali ambalo hata wenye digrii hulikwepa, maana hasara ya baa hufunga baa, na hasara ya kampuni ya umma huitwa uwekezaji wa kimkakati.

Umeme nao una vituko vyake. Gesi ya Ziwa Kivu si habari ya jana: kiwanda cha bia kilikuwa kikiichoma gesi ya Rubona tangu miaka ya 1960. Serikali ikaja na mtambo wake wa majaribio wa umeme wa gesi hiyo, KP1, mwaka 2008, kisha mwaka 2016 ukachukuliwa na Symbion Power ya Marekani. Leo umeme wa gesi unazalishwa na kampuni binafsi: KivuWatt kule Karongi, megawati 26, na Shema Power hapa kwetu Rubavu, megawati 56. Kampuni yetu ya umma, iliyo chini ya REG, ndiyo inayonunua. Mikataba ya namna hii huhesabiwa kwa dola, na mwananchi anajaza mita yake ya kashi pawa kwa faranga. Pengo lililopo katikati linazibwa na hazina, na hazina inajazwa na nani kama si huyu mwenye Primus?

Kampuni yenyewe imebadilishwa majina mpaka wazee wameamua kubaki na lile la zamani, Electrogaz. Mwaka 2008 iligawanywa ikawa RECO na RWASCO, 2010 zikaunganishwa zikawa EWSA, 2014 wakazitenganisha tena: REG huku, WASAC kule. Kuungana, kuachana, kurudiana, kuachana. Kijijini wangeitiwa wazee.

Rwandatel, kampuni yetu ya simu, naitaja kwa kifupi nisije nikalia: 2005 iliuzwa kwa Terracom, ikarudi mikononi mwa Serikali, 2007 ikauzwa tena kwa Walibya wa LAP Green, na 2011 ikanyang'anywa leseni ya simu za mkononi.

Jirani yetu mmoja wa Goma alikuwa akisikiliza tu, akicheka. "Bakubwa, ninyi mnalalamika kwa sababu ripoti ipo." Akatukumbusha Gécamines, kampuni yao ya umma ya madini, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, na kufikia 1994 hata 50,000 haikufika. Alisema kweli. Kwetu Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali anaandika kila mwaka, na bungeni PAC, kamati ya hesabu za umma, inawaita wakubwa wa kampuni hizi na kuwatoa jasho, wakiulizwa kwa mfano kwa nini karibu asilimia 40 ya maji yaliyosafishwa hayafiki kwenye bili ya mtu yeyote.

Lakini ripoti ile ni nene kuliko Biblia, na mwenye hisa wa Nyamyumba hana kompyuta. Kuna ofisi moja, jina naliacha, nilikwenda nikauliza gawio langu. Kijana wa dirishani akanitazama kwa upole mwingi. "Mzee, umekunywa maji leo?"

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wakubwa wa fedha, kila mwaka tuandikieni karatasi moja yenye safu mbili: kampuni zetu zimeleta kiasi gani hazina, na zimechukua kiasi gani. Kwa Kinyarwanda, na kwa Kiswahili pia, maana nacho ni lugha rasmi tangu 2017. Ibandikeni kwenye ubao wa ofisi ya sekta, jirani na tangazo la kodi ya ardhi. Hapo tunapita wote.