Mji wa Dhahabu, Shingo za Mchovyo

Msyuuu! Kaa hapa kijiweni Kahama jioni moja tu utazame shingo zinazopita. Cheni zinameta, hereni zinagusa mabega, pete kila kidole. Sasa uliza ngapi kati ya hizo ni dhahabu. Mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu uko hapo Msalala, wa Buzwagi ulikuwa mlangoni kwetu kabisa mpaka ulipofungwa 2021, kwa wenzetu Geita mgodi wa GGM unazalisha tangu 2000, na bado vya kuvaa tunaagiza Kariakoo, navyo vimetoka China. Stili na mchovyo!

Sisemi mchovyo ni haramu. Yule dada mwenye meza pale karibu na bodaboda anauza hereni buku tatu, na anakwambia mapema, "Kaka, ukioga nayo ikachujuka usinirudie." Huyo namheshimu. Unavaa sherehe mbili tatu, rangi ikienda unatafuta nyingine inayoendana na kitenge kipya, hakuna aliyelia. Ninayemsonya ni yule wa kunong'ona, anayemvuta pembeni kijana aliyetoka kulipwa hela ya pamba: "Mjomba, hii imetoka kwenye duara lenyewe machimboni, nakuuzia kwa shida zangu tu." Kijana analipa bei ya ndama. Mwezi haujaisha, kidole cha bibi harusi kijani, na wa kwanza kuona ni mama mkwe.

Ule ukijani ni shaba inajibizana na jasho. Ndani ni shaba ya njano, dhahabu ni ngozi tu ya juu, ambayo mara nyingi haifiki hata mikroni tatu, wakati unywele wa kichwani kwako ni kama mikroni 70. Sabuni, jasho, mpini wa jembe, kwisha. Na ukiwashwa mpaka vipele, mara nyingi ni nikeli iliyomo humo.

"Lakini ina muhuri!" Hebu niache. Ni kweli, 916 maana yake karati 22, yaani asilimia 91.6 ni dhahabu. 750 ni karati 18, robo tatu. 375 ni karati 9, dhahabu haifiki hata nusu. Safi kabisa ni 24, ila ni laini mno, ndiyo maana pete ya kuvaa kila siku huchanganywa na fedha au shaba, na hapo hujaibiwa chochote. Lakini muhuri ni chuma kinachogongwa, na tapeli naye ana nyundo.

Halafu kuna hawa mabingwa wa sumaku. Anaisogeza kwenye cheni, haishiki, basi anashangilia dhahabu! Babu wee, na shaba nayo haishiki sumaku. Anayetaka kujua akae kwa sonara dakika tano amtazame. Anachukua jiwe jeusi, anasugua pete mpaka ubaki mstari wa njano, anadondosha asidi. Mstari wa shaba unayeyuka huku unaona. Wa dhahabu ya karati kubwa unabaki pale pale. Mjanja zaidi anasugua sehemu iliyolika, kwa ndani ya pete, maana juu juu hata mchovyo unajitetea. Njia nyingine ni mzani na maji: gramu 10 za dhahabu safi zinasukuma nusu mililita tu ya maji, shaba ya njano ya uzito huo huo inasukuma zaidi ya mililita moja.

Kinachonichosha ni hiki. Soko la madini Geita lilifunguliwa 2019, akaja Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa mwenyewe. Kijana mchimbaji wa Nyarugusu akipeleka mzigo wake kule anakodolea mashine macho, anabishania pointi ya gramu, anauliza usafi asilimia ngapi, na ana haki, maana mrabaha unakatwa humo humo. Huyu huyu, siku ya kununua pete ya uchumba, anashika kitu gizani nyuma ya baa, hajakiweka kwenye mzani wala kuomba risiti. Akiuza ni mhasibu, akinunua ni bwana harusi!

Na hata ukinunua halali, jua unachonunua. Siku mtoto anadaiwa ada ukairudisha kwa sonara, atalipa uzito na karati. Ile nakshi uliyoilipia ufundi, pole. Ya mchovyo hata kwenye mzani hataipandisha.

Almasi ndiyo usiniguse. Mwadui, hapo Kishapu, 1947 lilitoka jiwe la waridi lenye uzito wa karati 54.5, kama gramu 11 tu, Williamson mwenye mgodi akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza zawadi ya harusi. Likakatwa likabaki karati 23.6, 1953 Cartier wakalitia katikati ya ua la bruchi. Na sisi wa Shinyanga tunavaa vioo, tunaviita almasi. Haya, tuvae, vinapendeza.

Pamba ikilipwa harusi zitafululiza. Kijana, kama mfuko ni wa stili, nunua stili, mwambie mwenzio ni stili, kanisani mtafungishwa vile vile. Ila usiende Rwamagasa kule machimboni kwa wakwe na shaba ukiiita karati 22. Wale shangazi wamepokea dhahabu viganjani tangu wasichana. Wanainua tu, wanakuangalia.