Shilingi Tano za Kikoba

Tangu jana jioni mimi ni mwizi. Ushahidi ni jedwali nililoliandaa kwa mkono wangu, mtunza hazina mwaminifu: faini za mwaka 100,000, wanachama saba, kila mmoja 14,285, jumla 99,995. Mama Mwenyekiti alivaa miwani, akaivua, akauliza kwa upole wa kutisha, "Mwanangu, tano iko wapi?"

Nikasema imebaki kwenye desimali. Kikao kikaguna. Katibu akasoma simu yake: 14,285.71. Yangu iliandika 14,285.714286. "Mnaona? Ya kwake ina nyongeza!"

Basi nikaanza kufundisha, maana jambo lenyewe tamu. Gawa moja kwa saba. Haitoshi, ongeza sifuri: kumi kwa saba ni 1, baki 3. Thelathini, 4, baki 2. Ishirini, 2, baki 6. Sitini, 8, baki 4. Arobaini, 5, baki 5. Hamsini, 7, baki 1, na moja ndiyo tuliyoanza nayo! Ukigawa kwa saba, baki haizidi sita; zikitokea zote sita na sifuri isionekane, lazima irudi mojawapo. Ndiyo maana 142857 inazunguka milele, daladala isiyo na kituo cha mwisho. Zidisha kwa mbili: 285714. Abiria wale wale, kiti cha mbele kimebadilika tu. Gawio halina kasoro. Ni mkia wa desimali unaokataa kukatika. Tungekuwa wanane ungekatika, kwa kuwa nane ni mbili mara mbili mara mbili, na kumi yenyewe ni mbili mara tano: kila mtu 12,500 safi. Wa nane alijitoa akikwepa faini. Huyo hakuitwa mwizi.

"Sawa," akasema Mama Mwenyekiti, "na tano?"

Nikapendekeza 14,286 kila mmoja. Jumla ikafika 100,002. Nikaulizwa hizo mbili nimezitoa kwa nani. Mjumbe mmoja akataka ile tano nayo igawanywe kwa saba. Nikapiga: 0.714285, kisha 714285 tena. Nikazima simu.

Leo muuza machungwa, matatu kwa elfu, kaniuzia moja kwa mia nne. Sikubisha.

Kikao kiliamua niilipe tano, nami nimeilipa. Makato ya kuwatumia watu sita gawio lao kwa simu yametoka mfukoni mwangu pia, mamia kwa mamia, na hayo hayamo kwenye muhtasari wa katibu.