Mwandishi wa Saa 5:59 Usiku

Hongera, ndugu yangu, umejiunga na kozi ya uandishi ya chuo, tena kwa mtandao. Picha ya barua ya udahili umeshaiweka kwenye status, mashangazi wamekuita profesa, na kompyuta mpakato umeiazima. Kimebaki kitu kidogo tu: kuandika.

Silabasi usiifungue. Humo wameficha tarehe zote za kuwasilisha kazi, na mtu mwenye afya yake hatafuti presha kwa makusudi. Kwenye grupu la WhatsApp yupo dada mmoja aliyeisoma. Muulize yeye, kila wiki, swali lile lile.

Rasimu ya kwanza? Ya nini, na wewe insha zako hutoka zimeshaiva? Mwisho wa kuwasilisha ni saa 5:59 usiku, basi anza saa 4, mpira ukiisha. Bando likikata kwenye aya ya pili, mwambie mwalimu umeme ulikatika wiki nzima. Shida ni hiyo Moodle, mfumo uliotoka mwaka 2002 na unaotumiwa na vyuo vingi duniani: ina umbea. Humwonyesha mwalimu uliingia lini mara ya mwisho na ulifungua nini. (Uliingia siku ya kujisajili. Ulifungua picha yako.)

Maoni ya mwalimu ya pembeni yaruke, wewe tazama alama.

Na ukiiagiza akili bandia ikuandikie insha ya "Kijiji Chetu", walau isome kabla ya kuituma. Isije ikawa bibi yako wa Rufiji anakoka moto sebuleni kwa sababu theluji imezidi.