Eti Kuweka Mafaili Tu

Kuna kazi ambazo kila mtu anajua ni nyepesi, isipokuwa anayezifanya. Shemeji yangu anaongoza kwaya, na kwaya siku hizi lazima iwe na tovuti. “Shem, hii si kuweka mafaili tu?” Ndiyo, shem. Kuweka mafaili tu.

Kwa maelezo alikuwa sahihi. Kurasa chache, picha za matamasha, sauti za mazoezi. Hakuna malipo, hakuna kujisajili, hakuna hifadhidata. Mtu anaomba faili, seva inampa lilivyo, wanaagana. Alikuwa ameshakodi seva ndogo yenye Ubuntu, nikaiwekea nginx, programu ya Mrusi Igor Sysoev iliyotoka mwaka 2004. Haina uroho wa kumbukumbu na inahudumia maelfu ya wageni kwa wakati mmoja bila kuhema.

Basi hiyo ya maelfu ikakataa kunipa picha moja. 403, marufuku. Hapa ndipo wengine, Mungu awasamehe, huandika chmod 777 kwenye kila kitu, ili kila aliyemo kwenye mashine asome, aandike na aendeshe. Mlango umekwama, mtu anabomoa nyumba.

Ukweli ulikuwa umelala ndani ya /var/log/nginx/error.log: ruhusa hakuna. Shemeji alikuwa amerundika kila kitu kwenye folda yake binafsi, chini ya /home. Tangu toleo la 21.04, Ubuntu huzipa folda hizo ruhusa 750, yaani mwenyewe na kundi lake wapite, wengine wabaki nje. Nginx hutoa mafaili kwa jina la www-data, kwa hiyo nayo ni mtu wa nje. Na usidhani kulifungua faili lenyewe kunatosha; lazima seva iruhusiwe kupita kila folda iliyo njiani, kuanzia ya juu kabisa. Nikahamishia mzigo wote /var/www, kukawa na amani.

Amani ya muda. Nusu ya picha zikagoma, safari hii kwa 404, haipatikani. Ukurasa unataja picha1.jpg, faili linaitwa Picha1.JPG. Kwenye Windows ya shemeji hilo ni faili lile lile. Kwa Linux hao ni watu wawili wasiojuana kabisa. “Mbona kwangu zinafunguka?” Hilo swali likiulizwa saa tano usiku, mtu anaweza kuvunja undugu.

Sauti nazo zilikuwa kwenye folda yenye jina tofauti na anwani yake. Hapo agizo la nginx liitwalo root halifai, maana huchukua anwani nzima na kuibandika mwishoni mwa njia ya folda; linatakiwa alias, ambayo hubadilisha kipande kilicholingana. Tena ukisahau mkwaju wa mwisho, majina ya folda na faili yanagandana. Na amri ya kukagua mipangilio, nginx -t, haikuonyi, kwa sababu yenyewe hukagua sarufi, haikagui akili yako. Nukta mkato ikikosekana, hapo inapiga kelele.

Tovuti iko hewani, kwaya imefurahi, na shemeji ameanza kunitangaza kwa wenye kwaya wenzake. Ndugu zangu, karibuni. Majina ya mafaili yawe herufi ndogo tupu, bila nafasi katikati. Ukiniletea “Tamasha Final MPYA (2).JPG”, utakaa hapo hapo ulibadilishe mwenyewe.