Ukienda kwa Luther, Beba Sarafu

Mwongozo huu ni wa mzee wa kanisa aliyechangiwa nauli na usharika, wa mwalimu wa kwaya aliyeuza ng'ombe wawili, na wa yeyote mwingine aliyekwisha kuliona bango: siku kumi Ujerumani, nchi ya Luther na Bach, kifungua kinywa ndani yake. Bango hilo halisemi uongo. Linanyamaza tu pale ambapo lingepaswa kusema, na mengi liliyoyameza ni haya yafuatayo.

Tuanze na treni, kwa wale watakaotangulia peke yao. Kuna Wittenberg na kuna Wittenberge. Zote ziko kando ya mto Elbe, zote zina stesheni, na treni za zote mbili unazipata Berlin. Ya kwanza ni mji wa Luther, mwendo wa kilomita 100 hivi kusini-magharibi. Ya pili iko kaskazini-magharibi, njia ya kwenda Hamburg, na watu wake ni wakarimu lakini hawana mlango wa kukuonyesha. Tiketi yako isomeke Lutherstadt Wittenberg. Herufi moja ikizidi mwishoni, siku imekwenda.

Anayekwenda kwa basi la msafara hana hofu hiyo, ila ana dereva. Sheria ya Ulaya inamtaka dereva apumzike dakika 45 akishaendesha saa nne na nusu, na garini mna kifaa kinachoandika kila dakika. Mama mchungaji akiomba wasogee kidogo tu hadi pale mbele, hata akiomba kwa jina la Bwana, gari halisogei. Mapumziko hayo huangukia kwenye vituo vya barabara kuu, na hapo ndipo sarafu zinapotakiwa. Choo ni cha kulipia, kwa kawaida euro moja, na mashine hukupa kikaratasi cha kupunguziwa bei katika duka la palepale, ambalo bei zake zilipangwa na mtu asiyekupenda. Basi lote limebeba noti za hamsini, mashine inataka sarafu, na foleni ni moja. Mafarakano ya msafara huanzia hapo, si kwenye mafundisho ya neema.

Chakula hakina siri kubwa. Asubuhi ni kingi na ni cha baridi: mkate mweusi mzito, jibini, nyama iliyokatwa nyembamba. Ukiagiza chai ya maziwa utaletewa maji ya moto, kifuko cha majani na kikopo cha krimu kisichojaza kijiko. Ukiagiza maji bila kufafanua, yatakuja yenye gesi. Chupa ya plastiki usiitupe, kwa maana nyingi zina amana ya senti 25. Chupa nne ni choo kimoja.

Sasa Wittenberg yenyewe. Kiongozi wa msafara, mwavuli juu hata jua likiwaka, atawasimamisha mbele ya Kanisa la Kasri, nanyi mtatoa simu. Pigeni picha, lakini mjue mnachopiga. Mlango wa mbao wa mwaka 1517, ule wa hoja za Luther, uliteketea mwaka 1760 katika Vita vya Miaka Saba. Huo mnaouona ni wa shaba nyeusi, zawadi ya Mfalme Friedrich Wilhelm IV wa Prussia, uliwekwa mwaka 1858, na hoja zote 95 zimeandikwa juu yake kwa Kilatini, ili asiyejua Kijerumani asijione mpweke.

Nyundo nayo ina kesi. Kwamba tarehe 31 Oktoba 1517 Luther alimwandikia Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz na kumpelekea hoja zake, hilo lina ushahidi. Lakini katika maandiko yake yote hataji kwamba alipigilia karatasi mlangoni. Aliyelisimulia ni rafiki yake Melanchthon, baada ya Luther kufariki, na huyo Melanchthon mwaka 1517 alikuwa bado hajahamia Wittenberg. Wanahistoria wanavutana tangu mwaka 1961, Erwin Iserloh alipodai kuwa msumari haukuwapo. Wewe usiingie. Mzee aliyevuka bara zima kuja kuona tundu la msumari asipewe habari hii kabla hajala mchana. Mpeleke ndani. Makaburi ya Luther na Melanchthon yamo humo, na hayo ni yao kweli.

Ukitoka hapo utapelekwa Kanisa la Mji, alikokuwa akihubiri Luther na ambako michoro ya madhabahuni ni ya Cranach. Kabla hujaingia, zunguka nje hadi pembe ya kusini-mashariki, utazame juu. Kuna sanamu ya mawe ya zama za kati inayowadhihaki Wayahudi kwa kuwachanganya na nguruwe. Hapa mzaha naweka kando. Luther mwenyewe mwaka 1543 aliandika kitabu kizima dhidi ya Wayahudi, akitaka masinagogi yao yachomwe moto, na karne nne baadaye Wanazi walikipokea kwa mikono miwili. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilikataa ombi la kuiondoa sanamu hiyo, na chini yake kuna bamba la kumbukumbu lililowekwa mwaka 1988. Kiongozi akiwapitisha upande wa pili wa kanisa kwa kisingizio cha muda, mrudisheni. Mmelipia kuiona nchi ya Luther, na hiyo nayo ni yake.

Eisleben ni mji mdogo ambamo Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483 na, kwa bahati ya safari ya kikazi, akafia humohumo tarehe 18 Februari 1546. Nyumba aliyozaliwa iliungua mwaka 1689, unayoingia ilijengwa baada ya moto. Nyumba aliyofia ina kitanda, ina samani za zamani, ina ukimya wa matanga, ila si nyumba aliyofia. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa alikata roho katika nyumba nyingine, pale sokoni, ambapo pamekuwa hoteli. Makumbusho yenyewe haifichi. Tatizo ni sisi wageni, tunaolia kwanza na kusoma kibao baadaye.

Kufikia hapo msafiri makini ameanza kuhisi kwamba anauziwa vivuli. Ajikaze, kwa sababu Eisenach ni mbaya zaidi na ni nzuri zaidi. Ngome ya Wartburg iko juu ya kilima na basi haliwafikishi mlangoni, kwa hiyo mwenye magoti mabovu aseme mapema. Humo Luther alijificha kuanzia Mei 1521 hadi Machi 1522, amefuga ndevu na kujiita Junker Jörg, akalitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki kwa majuma kama kumi na moja. Wageni hawaulizi habari za Kigiriki. Wanauliza doa la wino, la ule wino aliomrushia Shetani. Doa halipo. Mahujaji walikwangua plasta wakaondoka nayo mifukoni, doa likapakwa upya, likakwanguliwa tena, mpaka wapakaji wakachoka. Kilichobaki chumbani ni pingili ya mgongo wa nyangumi, inayosemekana kuwa kigoda cha kuwekea miguu, na hakuna anayejua aulize nini juu yake.

Mjini chini kuna Nyumba ya Bach. Ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1907 kwa imani kwamba hapo ndipo alipozaliwa mwaka 1685. Sipo. Lakini usitoke kwa hasira, keti. Wafanyakazi wa pale huwapigia wageni vinanda vya kale, na ikifika zamu ya kinanda cha mabomba huitwa mgeni mmoja kuvuta mivukuto ili upepo uingie. Mwalimu wa kwaya ajitose bila kungoja kusukumwa. Nyumba ni ya mtu mwingine, ila sauti inayotoka kwenye mabomba yale ni ileile ambayo watu wa zama za Bach waliisikia, na hakuna moto wala mfalme aliyeibadilisha. Hatua chache kutoka hapo liko kanisa la Mtakatifu George alikobatiziwa Bach. Karibu miaka 200 kabla yake, Luther akiwa mwanafunzi katika mji huohuo aliimba mitaani na wenzake kuomba mkate. Wanakwaya mnaozunguka sharika kuuza albamu ili mpate sare, mna babu.

Kuna abiria ambaye kufikia siku ya nne atalalamika kuwa viti vya basi vinabana. Mpitisheni Arnstadt. Bach alipokuwa mpiga kinanda pale, kijana wa miaka 20, aliomba ruhusa ya majuma manne akasikie kinanda cha Buxtehude huko Lübeck. Akaenda kwa miguu, kilomita kama 400, na akarudi baada ya miezi minne hivi. Wakuu wa kanisa wakamweka kitako. Katika mwaka uleule alikuwa amekwisha kupigana njiani na mwanafunzi mmoja ambaye upigaji wake wa fagoti, lile zumari refu la sauti nzito, aliudharau hadharani. Baadaye, huko Weimar, mwajiri wake alimtia ndani karibu mwezi mzima mwaka 1717 kwa kung'ang'ania kuacha kazi. Mkiwa na mwanakwaya msumbufu usharikani, msimfukuze upesi.

Halle mtapita mbio, na si vibaya. Tazameni kinyago cha uso wa Luther baada ya kifo katika Kanisa la Sokoni, msalimieni Händel, mtunzi wa muziki ambaye alizaliwa hapo mwaka uleule wa Bach, kisha mwondoke. Wawili hao hawakuwahi kukutana. Mwaka 1719 Bach alikwenda Halle kumtafuta, akakuta ameshaondoka. Walichokuja kushirikiana ni daktari wa macho, Mwingereza John Taylor, aliyewapasua wote wawili kwa nyakati tofauti. Wote wawili walikufa vipofu.

Maduka ya kumbukumbu yamejaa kila kituo. Kinachonunuliwa sana ni Luther wa plastiki wa Playmobil, asiyefika sentimita nane. Alipotolewa mwaka 2015, wale wa kwanza 34,000 waliisha kwa saa 72. Kuna soksi zenye maneno ambayo Luther anasemekana aliyatamka mbele ya baraza la Worms mwaka 1521, na kumbukumbu rasmi za baraza lile hazina maneno hayo. Kuna na bia. Mzee wa kanisa ana haki ya kuikataa, ila asiape kwamba Luther hakuinywa, maana mkewe, Katharina von Bora, ndiye aliyekuwa akiitengeneza nyumbani.

Jumapili mtakwenda ibadani, nanyi mtashtuka. Katika jimbo alilozaliwa Luther, watu wengi mno hawana kanisa lolote. Jengo ni kubwa, kinanda kinatetemesha madirisha, na waumini ni wachache wenye mvi waliokaa mbalimbali. Ninyi mnaotoka KKKT, mojawapo ya makanisa makubwa ya Kilutheri duniani, msimuulize mchungaji wao wengine wako wapi. Anajua. Imbeni tu. Ukifika wimbo wa Luther wa Zaburi ya 46, ule tunaoupigia matarumbeta Siku ya Matengenezo, mtajikuta mnaujua kwa sauti zote nne bila kitabu, na wale wazee watageuka kuwatazama. Ila hotelini, ikishapita saa nne usiku, msiimbe. Jirani wa Kijerumani hana mzaha na usingizi.

Nimeiacha Leipzig mwisho kwa sababu ndiyo inayolipa nauli. Kutoka huko walitumwa wamisionari waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 na kuanzia Machame, na nyumba ya misheni ingali pale Leipzig. Huko pia aliishi Hans Meyer, aliyepanda Kibo mwaka 1889, akabeba jiwe la kileleni na kumkabidhi Kaisari wa Ujerumani. Ratiba za misafara hulikumbuka la kwanza. Nje ya Kanisa la Mtakatifu Thomas amesimama Bach wa shaba nyeusi, mfuko wa koti umetolewa nje, mtupu. Mji ule haukumtaka sana. Kabla ya kumwajiri mwaka 1723, baraza la mji lilimpendelea Telemann, kisha Graupner, na walipokosekana mjumbe mmoja akasema kwamba walio bora wasipopatikana, basi wa kadiri wachukuliwe. Wa kadiri akakaa miaka 27, hadi alipofariki. Ndani, chini ya bamba lenye jina lake, ipo mifupa inayoaminika kuwa yake, iliyofukuliwa kutoka kaburi lisilo na alama mwaka 1894 na kuhamishiwa pale baadaye.

Usiihangaikie mifupa. Kilichokuleta kiko kwenye roshani ya nyuma. Kwaya ya wavulana wa Mtakatifu Thomas, iliyoanza mwaka 1212 na ambayo Bach aliifundisha, huimba ibada ya moteti Ijumaa saa kumi na mbili jioni na Jumamosi saa tisa alasiri, kwa kiingilio cha euro chache. Utakaa umewapa mgongo waimbaji, na usigeuke na simu. Ni ibada, si tamasha: zuia makofi na vigelegele.

Mtego uko hapa. Maduka ya Ujerumani hufungwa Jumapili kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo ratiba huandika Leipzig, Jumamosi alasiri, "muda huru", na saa tisa kamili nusu ya msafara iko kwenye viatu. Mtego wa pili ni likizo. Wale ni watoto wa shule. Shule ikifungwa wanakwenda kwao na kwaya nyingine hushika zamu, na misafara mingi huuzwa kwa miezi hiyohiyo ya kiangazi. Kabla hujatoa shilingi ya kwanza, kabla ya viza ambayo ada yake ni euro 90 na hairudi, muulize mwenye msafara swali moja: siku tutakayokuwa Leipzig, wavulana watakuwepo? Akikujibu habari za hoteli, tafuta msafara mwingine.